Safari ya Sauti Sikioni na Mahali Inapokatikia

Mada ya elimu ya afya kwa wakazi wa kata

Ndugu wakazi,

Katika nyumba nyingi za ukanda huu, kuanzia Jasini mpakani hadi Mkwaja kusini mwa Pangani, yumo mtu ambaye wenzake humwambia jambo mara mbili. Pengine ni babu anayeongeza sauti ya redio mpaka majirani wakalalamika. Pengine ni mvuvi ambaye akiitwa kwa nyuma hageuki. Pengine ni mtoto wa darasa la pili ambaye shuleni anahesabiwa kuwa mzito wa kufahamu, na nyumbani huitwa mkaidi.

Watu hao watatu huambiwa kuwa hawasikii, kana kwamba ugonjwa wao ni mmoja. Kwa hakika sauti imekatikia mahali tofauti kwa kila mmoja wao. Yamkini mmoja atapona kwa dawa ya majuma mawili, wa pili atahitaji upasuaji, na wa tatu hatarudishiwa alichopoteza hata akipelekwa wapi. Ndiyo maana ni muhimu kwa kila mkazi kuifahamu njia ambayo sauti hupita. Anayeijua njia hiyo hutambua lipi linatibika, lipi halitibiki, na lipi lilipaswa kuzuiwa mapema.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wamepungukiwa na usikivu kwa kiwango fulani, na kwamba kati yao milioni 430 wanahitaji huduma ya utengemao. Taarifa hiyo ilieleza pia kuwa takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika. Kila tarehe 3 Machi huadhimishwa Siku ya Usikivu Duniani ili kukumbusha jambo hilo hilo.

KITUO CHA KWANZA: SIKIO LA NJE

Sauti ni mtikisiko. Ngoma inapopigwa, ngozi yake hutikisa hewa iliyo karibu, hewa hiyo hutikisa hewa jirani, na wimbi husafiri kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Sehemu ya sikio inayoonekana hulikusanya wimbi hilo na kuliingiza katika tundu la sikio, mfereji mfupi wenye urefu wa kama sentimita mbili na nusu kwa mtu mzima. Mwishoni mwa mfereji huo umewambwa utando mwembamba uitwao kiwambo cha sikio, nao hutikisika kama ngozi ya ngoma.

Ndani ya mfereji huo hutengenezwa nta. Watu wengi huiona kuwa ni uchafu, ilhali ni ulinzi: hunasa vumbi na wadudu, huzuia maji yasilainishe ngozi, na kwa kawaida hutoka yenyewe taratibu. Madhara huanza pale mtu anapoingiza kijiti cha kiberiti, ufunguo, unyoya wa kuku au pamba ya kijitini. Kijiti huisukuma nta ndani zaidi mpaka ikashindiliwa na kuziba njia. Wakati mwingine hukwaruza ngozi na kuleta uvimbe, na mkono ukiteleza hukitoboa kiwambo chenyewe.

Habari njema ni kwamba katika kituo hiki tiba ni nyepesi. Nta iliyoziba hulainishwa na kuondolewa na mhudumu wa afya, na usikivu hurejea siku hiyo hiyo. Mtoto aliyeingiza punje ya hindi au shanga sikioni asichokolewe nyumbani, bali apelekwe kituoni. Punje ikitiwa maji huvimba, na ikichokolewa huzama.

KITUO CHA PILI: SIKIO LA KATI

Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa. Ndani yake vimo vifupa vitatu vilivyoshikana kama mnyororo, navyo ni nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, kilicho kidogo kuliko mifupa yote ya mwili wa binadamu, kina urefu wa kama milimita tatu tu.

Kwa nini mnyororo huo ukahitajika? Sababu ni kwamba sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti ya hewani haiingii majini kwa urahisi. Kila mzamiaji analijua hilo: akiwa chini ya maji hamsikii sawasawa anayemwita kutoka kwenye ngalawa, kwa kuwa sehemu kubwa mno ya sauti hugonga uso wa maji na kurudi juu. Vifupa hivi ndivyo vinavyolitatua tatizo hilo. Hupokea mtikisiko kutoka katika eneo pana la kiwambo na kuukusanya katika kidirisha chembamba cha sikio la ndani, nguvu yake ikiwa imezidishwa takriban mara 20.

Chumba hicho hupata hewa yake kwa mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua na koo. Mtu anapomeza mate au kupiga mwayo, mrija hufunguka na shinikizo la ndani husawazishwa na la nje. Kwa mtoto mchanga mrija huo ni mfupi na umelala zaidi, hivyo vijidudu vya mafua hupanda kwa wepesi. Moshi wa kuni, moshi wa sigara, na kumpa mtoto chupa akiwa amelala chali huongeza hatari hiyo. Chumba hujaa usaha, mtoto hulia usiku na kulishika sikio, kisha kiwambo hupasuka na usaha ukatoka. Maumivu hupungua, na wazazi hudhani kuwa mtoto amepona.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Sikio linalotoa usaha limezoeleka katika kaya nyingi hata likahesabiwa kuwa sehemu ya utoto, kama kung'oka kwa meno. Lakini usaha unaotoka kwa zaidi ya siku 14 ni ugonjwa sugu. Hukizuia kiwambo kisifunge, hula vifupa taratibu, na unaweza kupenya hadi kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio au kwenye ubongo. Mtoto mwenye sikio la namna hiyo anapoona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, shingo kukakamaa au uso kupinda upande mmoja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kesho.

Tiba yenyewe haina gharama kubwa. Mhudumu wa zahanati humfundisha mzazi kusokota kitambaa safi laini, kukiweka sikioni mpaka kilowane, kukibadilisha mpaka sikio likauke, na kurudia hivyo mara tatu kwa siku. Hutoa pia dawa ya matone inayofaa. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, maji ya kitunguu na dawa nyingine za kubahatisha zisitiwe katika sikio linalotoa usaha, kwa sababu kiwambo kimetoboka na chochote kinachomiminwa huingia moja kwa moja ndani. Kiwambo kisichofunga chenyewe kinaweza kuzibwa na daktari bingwa kwa upasuaji.

Kiwambo hupasuliwa pia na mkono wa binadamu. Kofi la sikio, ambalo baadhi ya wazazi, walezi na walimu huliona kuwa ni adabu ndogo, husukuma hewa ndani ya tundu kwa ghafla na linaweza kuuchana utando huo. Anayetaka kusikilizwa na mtoto asianze kwa kumharibia sikio.

BAHARINI: KUZAMIA NA BARUTI

Kwa wakazi wa pwani, sikio la kati hukutana na majaribu ambayo watu wa bara hawayajui. Mtu akizama mita 10, shinikizo juu ya mwili wake huwa mara mbili ya lile la nchi kavu. Asipousawazisha upepo wa sikio la kati, kiwambo hubonyea ndani, huuma, na mwishowe huchanika. Mzamiaji wa pweza au wa kamba kochi anatakiwa kubana pua na kupuliza polepole tangu anapoanza kuzama, kabla ya maumivu. Akihisi maumivu, apande juu. Mwenye mafua asizamie kabisa, kwa kuwa mrija wake umeziba. Na mwenye kiwambo kilichotoboka asizamie mpaka aruhusiwe na daktari, kwani maji ya baridi yakipenya ndani yanaweza kumtia kizunguzungu akashindwa kujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Jambo lililo baya kuliko yote ni baruti. Uvuvi wa mabomu umekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na madhara yake kwa matumbawe yamekwisha kuelezwa mara nyingi, hasa tangu kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Yasiyosemwa sana ni madhara yake kwa sikio. Majini sauti husafiri kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na wimbi la mlipuko hufika likiwa na nguvu nyingi. Wimbi hilo lina uwezo wa kukichana kiwambo, kuvitengua vifupa na kuliharibu sikio la ndani kwa mpigo mmoja.

Tena baruti haichagui. Anayeirusha yuko juu ya chombo. Aliye chini yaweza kuwa ni mtu mwingine kabisa, kijana wa kijiji jirani aliyezamia pweza kwa njia halali bila habari yoyote. Huyo atapanda juu damu ikimtoka sikioni, na kuanzia siku hiyo mlio usiokoma utakuwa ndio sauti anayolala nayo. Kwa hiyo anayetoa taarifa za baruti kwa uongozi wa kijiji, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani au polisi hawasaliti wavuvi wenzake. Anayalinda masikio yao.

KITUO CHA TATU: SIKIO LA NDANI

Kikuku hugonga kidirisha, na mtikisiko huingia katika kijumba cha mfupa kilichojisokota mara mbili na nusu, mfano wa gamba la konokono. Wataalamu hukiita koklea. Ndani ya majimaji yake zimepangwa seli yapata 15,000, kila moja ikiwa na vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Mawimbi yanapopita, vinyweleo huinama kama nyasi za bahari zinavyoinama mkondo unapopita, na kila kuinama huzaa mkondo mdogo wa umeme unaopelekwa na mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Hapo ndipo binadamu husema amesikia.

Seli hizo kila moja ina kazi yake. Zilizo mlangoni mwa koklea hupokea sauti nyembamba na kali, na zilizo mwisho wa msokoto hupokea sauti nene na nzito. Binadamu huzaliwa nazo zote, na ikifa moja, mwili hauoti nyingine. Ngozi iliyochunika huota upya, na mfupa uliovunjika huunga. Seli ya kusikia ikifa imekufa.

Adui wake mkubwa ni kelele. Kipimo kinachotumika sana katika usalama wa kazi ni desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda ulio salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 88 ni saa nne, na kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Asiye na chombo cha kupimia anaweza kutumia kipimo cha koo: ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja hamsikii mwenzake mpaka apige kelele, mahali hapo panaharibu masikio.

Mkoa wa Tanga umeishi na kelele za kazi kwa muda mrefu. Miche ya kwanza ya mkonge iliingizwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kilimo hicho kilipokua zikaja mashine za kuchakata majani, ambazo wafanyakazi waliziita korona miaka mingi kabla ya jina hilo kupewa ugonjwa. Siku hizi zimeongezeka mashine za kusaga nafaka, za kuranda mbao, misumeno ya mnyororo, jenereta na injini za boti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi, na kumpa mfanyakazi vizibo vya masikio ni wajibu wake. Mwenye mashine ya kusaga mtaani, ambaye ni mwajiri wake mwenyewe, ajinunulie vizibo hivyo. Pamba ya kawaida haitoshi.

Burudani nayo imo. Spika zinazowekwa futi chache kutoka kwa wachezaji katika shughuli za usiku, na vipokea sauti ambavyo vijana hulala navyo masikioni, huziua seli zile zile. Anayetoka kwenye muziki masikio yakivuma amekwisha kuonywa. Mvumo unaweza kutulia kesho yake, lakini jambo likijirudia, hufika siku usitulie tena.

Zipo pia dawa ambazo huokoa maisha na huweza kudhuru usikivu. Kwinini, iliyotokana na gome la mti uliooteshwa pia kule Amani, Muheza, tangu enzi za Wajerumani, inajulikana kwa kuvumisha masikio, na mara nyingi hali hiyo huondoka dawa inapokwisha. Sindano za gentamaisini na streptomaisini zinaweza kuziua seli moja kwa moja. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake, bali amweleze mtoa huduma mara anapohisi mvumo au kizunguzungu. Na asiwepo mtu wa kununua sindano hizo mtaani na kuchomwa bila cheti cha daktari.

Wengine huzaliwa bila usikivu au huupoteza wakiwa wachanga. Sababu ni pamoja na rubela kwa mama mjamzito, kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, manjano makali, homa ya uti wa mgongo, surua, na kurithi, ambako hatari yake huongezeka wazazi wanapokuwa ndugu wa damu wa karibu. Hakuna laana wala kijicho katika orodha hiyo. Baadhi ya sababu hizo zina kinga: chanjo ya surua na rubela hutolewa bila malipo tangu mwaka 2014, mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Mzazi anayeikosesha ile ya pili ameuacha mlango nusu wazi.

TAA, SAA, KAA

Upotevu wa sikio la ndani huanza kimya kimya, na aghalabu huanza na sauti nyembamba. Sauti za herufi kama s, f, t na k ziko katika kundi hilo. Mzee wa namna hiyo huisikia irabu, lakini konsonanti humpotea. Akiambiwa “taa”, “saa”, “kaa” au “paa”, yote humfikia kama “aa”, naye hulazimika kubahatisha. Ameombwa taa, analeta saa, na watoto wanacheka. Ndiyo sababu husema kwa kweli kabisa, “Nasikia mnazungumza, lakini sielewi mnasema nini.” Kumpigia kelele hakumsaidii. Linalosaidia ni kumkabili uso kwa uso, mahali penye mwanga, na kusema taratibu.

Kwa mtoto hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu hajapata bado lugha ya kubahatishia. Mtoto mchanga asiyeshtuka kwa kishindo, wa miezi sita asiyegeukia sauti ya mama yake, au wa mwaka mmoja na nusu asiyetamka neno lolote, apelekwe kupimwa bila kuambiwa kuwa atasema tu akikua. Na kabla ya kumwita mwanafunzi mzito, mwalimu amketishe mbele na kuomba masikio yake yachunguzwe.

MAHALI PA KWENDA

Safari ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mhudumu hutazama sikio na kutoa tiba ya awali. Yanayomzidi huyapeleka hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha wa gharama katika vituo vya umma kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, hivyo umaskini usimzuie mzazi kuuliza.

Aliyepoteza sehemu ya usikivu anaweza kusaidiwa na kifaa cha kukuza sauti, ambacho wengine hukiita shimesikio. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tangu mwaka 2017, hupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto ambao shimesikio haliwafai. Na ambaye hasikii kabisa bado ana lugha: Lugha ya Alama ya Tanzania. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ikafuatiwa na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhakikishia mtoto huyo haki ya elimu. Kumfungia nyumbani kwa aibu ni kumnyima lugha mara ya pili.

Ndugu wakazi,

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, wakimkusudia mtu asiyeonyeka. Katika mada hii methali hiyo ina ukweli wake wa wazi pia: seli ya kusikia ikishakufa, dawa haiifikii. Lakini kabla ya siku hiyo ipo miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo yamo mambo yaliyo katika uwezo wa kila kaya. Usaha ukaushwe na kutibiwa, chanjo ya pili isikoseshwe, kijiti kisiingizwe, kofi lisipigwe, baruti itolewe taarifa, na kizibo kivaliwe kabla mashine haijawashwa. Na yule anayeambiwa jambo mara mbili nyumbani, juma hili apelekwe kupimwa, ijulikane sauti yake imekatikia wapi.